Vita na ubepari vinaingiaje kwenye siku ya mtu wa kawaida? Naomba njia zenyewe, si kaulimbiu

MlangoWaNyuma (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya vita na ubepari huishia palepale. Mmoja anaandika "kufa kufaana", wa pili anajibu "vita vya panzi, furaha ya kunguru", wa tatu anabandika picha ya kifaru, mada inafungwa. Methali sizikatai, ila hazinionyeshi mlango ambao vita hupitia hadi kumfikia mtu ambaye hajawahi kusikia mlio wa bunduki.

Nataka mambo matatu. Kwanza, vita vya mbali vinafikaje kwenye bei ya kitu cha kawaida, hatua kwa hatua, na nani anabaki na nini njiani? Pili, ni mambo gani ya kila siku tunayoyaona ya kawaida kumbe yalianza kama hatua za dharura za vita? Tatu, na hili ndilo gumu, kuna ushahidi wowote kwamba vita au soko hubadilisha utu wa watu, au ni hisia za wazee tu kwamba "zamani watu walikuwa na utu"?

Mwenye takwimu aje nazo. Mwenye hasira apumzike kwanza.

---

Shehena_na_Hati

Mkuu, nichukue la kwanza, maana lina hesabu.

Watu wengi hudhani vita hupandisha bei kwa kuharibu mali. Mara nyingi hupandisha kwa kuongeza siku. Chukua meli ya makontena yenye thamani ya dola milioni 100. Bima yake ya kawaida haigusi vita. Hatari za vita hukatiwa bima ya peke yake. Kule London kuna kamati ya watu wa bima, Joint War Committee, inayochapisha orodha ya maeneo ya bahari yenye hatari. Meli ikitaka kupita huko, mwenye meli humwarifu mwenye bima, anatajiwa malipo ya nyongeza kama asilimia ya thamani ya meli, na kwa kawaida malipo hayo hufunika siku 7 tu. Zikipita, yanahesabiwa upya.

Sasa angalia Bahari ya Shamu. Kabla ya meli Galaxy Leader kutekwa na wapiganaji wa Houthi wa Yemen tarehe 19 Novemba 2023, nyongeza ilikuwa chini ya asilimia 0.1. Mwanzoni mwa 2024 ilifika kati ya asilimia 0.7 na 1. Kwa meli yetu, asilimia 1 ni dola milioni 1 kwa safari moja. Inatisha, sivyo? Igawe kwa makontena 10,000 ya futi 20: dola 100 kwa kontena. Kontena moja, kwa makadirio ya chini, hubeba fulana 10,000. Bima ya vita imeongeza senti 1 ya dola kwa fulana. Anayekwambia "bei imepanda kwa sababu ya bima" ama hajapiga hesabu, ama ameipiga vizuri sana.

Kinachouma ni mzunguko. Meli zikiacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Asia hadi kaskazini mwa Ulaya huongezeka siku 10 hivi, wakati mwingine 14, kila upande. Huduma ya makontena huendeshwa kama basi: meli moja lazima iondoke kila wiki. Mzunguko wa kwenda na kurudi ukiwa siku 77, unahitaji meli 11. Ukiongeza siku 21, mzunguko ni siku 98, unahitaji meli 14. Meli 3 zimetoka sokoni na hakuna hata moja iliyozama. Fanya hivyo kwa kila huduma inayopita njia ile, nafasi za mizigo zinakauka dunia nzima, hata kwenye njia zisizo na vita, kwa sababu meli huhamishwa kufuata nauli nono. Nauli za papo kwa papo kutoka Asia kwenda Ulaya zilipanda zaidi ya maradufu katika wiki chache.

Nani anabaki na nini? Mwenye meli anatumia mafuta zaidi lakini anauza nafasi adimu. Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, kwa mfano, ilipandisha makadirio ya faida yake ya 2024 zaidi ya mara moja. Mwagizaji mkubwa ana mkataba wa nauli wa mwaka, kwa hiyo ananusurika nusu. Mwagizaji mdogo ananunua nafasi kwa bei ya siku hiyo, na ndiye anayepokea pigo lote. Kwa hiyo vita, bila kukusudia, humfanyia mkubwa kazi ya kumpunguzia washindani. Hili huwezi kuliona kwenye takwimu za mfumuko wa bei. Utaliona miaka miwili baadaye ukihesabu waagizaji waliobaki.

Na baharia? Kwenye mikataba ya kimataifa ya mabaharia, eneo likitangazwa kuwa la kivita, baharia ana haki ya kukataa kwenda na kurudishwa kwao kwa gharama ya kampuni. Akikubali, hupewa nyongeza sawa na mshahara wake wa msingi kwa siku alizokaa humo, zisizopungua 5, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Soma hapo kwa makini: mshahara wa *msingi*, ambao ni sehemu tu ya malipo yake, maana saa za ziada na posho haziingii. Kwa safari ya siku 3 kwenye hatari, hiyo ndiyo bei ya roho, imeandikwa na kusainiwa. Na haki hizi za makubaliano zipo pale mkataba wa baharia unapoyatambua. Meli nyingi haziyatambui.

---

Jembe la Pili

Naongezea mlango mwingine, mbolea, kwa sababu huu una kuchelewa ambako huwachanganya watu.

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Naitrojeni hiyo hutoka kwenye amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye gesi asilia. Gesi ndiyo gharama kubwa kuliko zote kiwandani. Vita vikigusa gesi, kiwanda cha amonia ndicho cha kwanza kuzimwa. Ilitokea Ulaya mwaka 2022: viwanda kadhaa vilisimama kwa sababu ilikuwa nafuu kutozalisha.

Lakini mkulima hahisi siku hiyo. Anahisi msimu wa kupanda. Akipunguza mbolea, mavuno yanapungua miezi kadhaa mbele, na bei ya chakula inapanda wakati habari za vita zimeshahama ukurasa wa mbele. Ndiyo maana watu humlaumu mvua, mlanguzi au waziri, kila mmoja kwa zamu yake. Wakati mwingine lawama ni ya haki, lakini mnyororo ulianzia kwenye gesi.

Na tukiwa hapohapo: kiwanda cha kwanza cha njia hii kilifunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, kwa ajili ya mbolea. Mwaka uliofuata vita vikaanza, Ujerumani ikazuiwa kupata nitrati ya Chile, na amonia ileile ikaelekezwa kwenye baruti. Bomba halikubadilika sana. Aliyebadilika ni mnunuzi. Sikubaliani na wanaosema sayansi ilichafuliwa na vita. Soko la mbolea ndilo lililojenga mtambo, vita vikaukuta umesimama.

---

Daftari Kuukuu

La pili ni langu. Nitaacha nje vitu kama rada na makopo, kila mtu anavijua. Nizungumzie taratibu, maana hizo ndizo zinazomtawala mtu bila yeye kuziona.

*Makato ya kodi kwenye mshahara.* Kodi ya mapato ya Uingereza ilianza 1799 kulipia vita dhidi ya Ufaransa, shilingi 2 kwa kila pauni kwa wenye kipato kikubwa. Ikafutwa 1802, ikarudi 1803 vita viliporudi, ikafutwa 1816 kwa chuki kubwa kiasi kwamba Bunge liliamuru kumbukumbu zake ziharibiwe. Nakala zilikuwa zimehifadhiwa kwingine. Mwaka 1842 ikarudi wakati wa amani, na haijaondoka tena. Marekani, mwaka 1939 waliolipa kodi ya mapato walikuwa karibu milioni 4. Kufikia 1945 walizidi milioni 40. Huwezi kuwafuata watu milioni 40 nyumbani, kwa hiyo tangu 1943 mwajiri akafanywa mkusanyaji: anakata kabla hujaiona pesa. Uingereza ikafuata 1944. Matokeo yake kitabia ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kodi unayoitoa mfukoni kwa mkono wako utaiulizia. Iliyokatwa kabla hujaishika unaiita "mshahara wangu ni mdogo".

*Matibabu kupitia kazi, Marekani.* Mwaka 1942 mishahara ilizuiwa kupanda ili kudhibiti mfumuko wa bei. Viwanda vilikuwa vinagombania wafanyakazi na havikuruhusiwa kuongeza mshahara, ila bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara. Basi wakashindana kwa bima. Baadaye sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kwamba bima hiyo haitozwi kodi, na mfumo ukaganda. Mtu akipoteza kazi anapoteza na daktari, na wengi hudhani ni falsafa ya taifa lile kuhusu kujitegemea. Chanzo chake ni tundu kwenye amri ya vita.

*Kusogeza saa.* Ujerumani na Austria-Hungaria zilianza tarehe 30 Aprili 1916 kuokoa makaa ya mawe, Uingereza wiki 3 baadaye.

*Pasipoti.* Kabla ya 1914 watu walivuka mipaka mingi ya Ulaya bila karatasi. Vita vikaziweka kwa hofu ya majasusi, mkutano wa Paris wa 1920 ukazipa muundo wa pamoja badala ya kuziondoa.

Sasa swali la maana ni hili: kwa nini haya yalibaki na mengine yakaondoka? Katika vita hivyohivyo Marekani ilifungua vituo vya serikali vya kulelea watoto ili mama zao waingie viwandani. Vita vilipokwisha, fedha zikakatwa 1946, ingawa kina mama waliandamana. Kodi ya faida iliyozidi, ile ya kuwabana waliotajirika kwa vita, nayo iliondolewa Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 1946. Kinachobaki ni kile ambacho baada ya vita kina mtu mwenye nguvu anayekula kupitia hicho. Makato yana hazina ya serikali. Bima ina kampuni na waajiri. Vituo vya watoto vilikuwa na kina mama peke yao.

---

MlangoWaNyuma

Daftari Kuukuu, hiyo ya mwisho imenikaa. Ila naomba nikubishie kidogo: kontena la mizigo je? Nimesoma sehemu nyingi kwamba ni zao la vita vya Vietnam.

---

Daftari Kuukuu

Si kweli, au ni nusu kweli. Safari inayohesabiwa mwanzo wa biashara ya kontena ni ya tarehe 26 Aprili 1956: meli Ideal X ya Malcom McLean, makontena 58, kutoka Newark kwenda Houston. Mfanyabiashara, hesabu za mfanyabiashara. Vita vilimpa mteja asiyeuliza bei. Bandari za Vietnam zilikuwa zimeziba, na mwaka 1967 kampuni yake ikaanza kupeleka makontena Cam Ranh Bay kwa jeshi la Marekani. Jeshi lililipa kwa namna ambayo safari ya kurudi tupu haikuwa hasara. Kwa hiyo kila kontena lililopakiwa bidhaa Japani njiani kurudi lilikuwa faida karibu tupu. Hapo ndipo bidhaa za elektroniki za Asia zilipopata njia ya bei poa kwenda Marekani. Vita havikuzaa kontena, vililipia nauli ya kurudi.

---

Mkataba Mwekundu

Mnaruka kitu kimoja: jinsi serikali inavyonunua wakati wa vita. Huko ndiko tabia hufundishwa.

Kuna mkataba wa gharama pamoja na asilimia. Serikali inasema: tengeneza, nitakurudishia gharama zote na asilimia 10 juu. Gharama ikiwa 100, faida yako ni 10. Ukizembea gharama ikafika 150, faida ni 15. Umelipwa kwa kuzembea. Mhandisi anayependekeza njia ya kuokoa chuma anaitwa ofisini, na si kwa kupongezwa. Marekani iliipiga marufuku aina hii Desemba 1941 na kuhamia gharama pamoja na ada isiyobadilika: utengeneze kwa 100 au 150, ada ni 10. Ni bora, ila bado huwezi kupata hasara, na asiyeweza kupata hasara hajifunzi kubana matumizi.

Njia nyingine ni kodi. Uingereza mwaka 1915 ilitoza asilimia 50 ya faida iliyozidi kiwango cha kabla ya vita, ikapanda hadi asilimia 80 mwaka 1917. Mwaka 1940 ikaweka asilimia 100. Wananchi walifurahi, lakini angalia kinachoharibika: faida yote ya ziada ikichukuliwa, kila pauni unayotumia kujenga ofisi mpya, kuajiri jamaa au kuandaa karamu ni pauni ya serikali. Upotevu unakuwa wa bure. Hakuna njia safi hapa, kuna ya kuchagua uchafu upi.

Ukitaka kukagua mkataba wowote wa namna hii, anza na swali moja kabla ya yote: gharama ikipanda, nani analia? Kama jibu ni "hakuna aliyemo chumbani", funga daftari, umeshajua mwisho wake.

---

Bi Mizani

La tatu, na naomba tuliendee polepole maana ndiko watu wanakoropoka.

Kuhusu soko: kuna utafiti uliochapishwa 2000 wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, kwenye vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, kwa wiki 20. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Wiki 4 za kwanza waliangalia tu. Wiki ya 5, vituo 6 vikaweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Vinne viliachwa kama vilivyo. Waliochelewa wakaongezeka, hadi karibu maradufu. Wiki ya 17 faini ikaondolewa, na sehemu hii ndiyo naiona nzito: uchelewaji haukurudi chini. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa aliona haya mbele ya mwalimu. Faini iligeuza haya kuwa huduma yenye bei, na bei ilipoondoka, haya haikurudi. Huduma ikawa ya bure.

Ila msiubebeshe utafiti huu mzigo usiouweza. Faini ilikuwa ndogo. Kubwa ya kutosha ingewazuia watu. Hausemi "pesa huua utu". Unasema ukiweka bei mahali palipokuwa na wajibu, jua kwamba unabadilisha aina ya kitu chenyewe, na huenda usiweze kuirudisha.

Kuhusu vita, ushahidi unakwenda kinyume na wengi wanavyotarajia. Mwaka 2016 kundi la watafiti, Michal Bauer na Christopher Blattman miongoni mwao, walikusanya tafiti kutoka nchi nyingi zilizopitia vita. Waliokumbwa na ukatili walionekana kujiunga zaidi na vikundi vya jamii, kushiriki zaidi kwenye uongozi wa mtaa, na kuwa wakarimu zaidi kwenye majaribio ya kugawana pesa. Kabla hamjashangilia: ukarimu huo ulielekea zaidi kwa watu wa upande wao. Vita huwakaza watu ndani ya duara, na duara lenyewe huwa kali kwa walio nje. Kwa hiyo yule mzee anayesema "wakati wa vita tulipendana" anaweza kuwa mkweli kabisa. Muulize walipendana na nani.

Jambo dogo la lugha, halafu nanyamaza. Biashara tunasema *kuteka* soko, *kuvamia* soko, ushindani wa *kufa na kupona*. Vitani wanasema *gharama* ya operesheni, *kuwekeza* kwenye mapambano. Lugha hizo mbili zimekopana nguo, na anayekufa hukosa neno la kumtaja kwenye zote mbili.

---

MlangoWaNyuma

Dada Bi Mizani, asante sana. Wakuu wote asanteni. Swali la mwisho la vitendo: nikitaka kukagua mwenyewe kama bei fulani imepandishwa na vita au ni mtu anajificha nyuma ya vita, nianzie wapi?

---

Shehena_na_Hati

Chagua bidhaa moja, si "maisha". Igawe vipande: malighafi, nishati, nauli, bima, kodi, ubadilishaji wa fedha, na kinachobaki kwa muuzaji. Kwa kila kipande tafuta tarehe kilipobadilika, si kiasi tu. Kosa la kwanza la watu ni kusahau akiba: mzigo ulioshushwa miezi miwili kabla ya vita haukulipa nauli ya vita, kwa hiyo bei ikipanda kesho yake asubuhi, muuzaji anadai gharama ambazo hajalipa. Anaweza kujitetea kwamba mzigo ujao atanunua ghali, na kuna ukweli humo. Basi mfuate wakati wa kushuka. Nauli ikishuka na mzigo mpya ukafika kwa nauli ya chini, bei ikabaki juu, utetezi ule umeisha. Kosa la pili ni kulinganisha na mwezi uliopita tu. Rudi nyuma angalau miezi 24, maana bei nyingi zilikuwa zimeshaanza kupanda kabla ya risasi ya kwanza.

---

Jembe la Pili

Shehena, kuna kasoro kwenye hesabu yako ya juu. Umeigawa bima ya safari moja kana kwamba meli imejaa pande zote. Kurudi Asia makontena mengi huwa matupu, na nyongeza ya bima hulipwa tena, maana siku 7 zimeshapita. Gharama ya pande zote mbili inabebwa na mzigo wa upande mmoja.

---

Shehena_na_Hati

Kweli mkuu, hapo niliteleza. Milioni 2 kwa makontena 10,000 yaliyojaa, ni dola 200 kwa kontena, senti 2 kwa fulana badala ya 1. Sihariri pale juu ili majibu yasipoteane. Hoja ya siku 21 haijaguswa.